Tungamo la protoni kwenye wavu: kosa linajificha wapi, na linapunguzwaje

Ukijumlisha matungamo ya kwaki tatu zinazounda protoni, mbili za juu na moja ya chini, unapata takriban MeV 9 (MeV, milioni ya elektronivolti, ni kipimo cha nishati na hapa cha tungamo pia). Protoni yenyewe ikipimwa maabara ina MeV 938.27. Asilimia 99 iliyobaki ni nishati: mwendo wa hizo kwaki, na uga wa gluoni unaozifunga pamoja. Milinganyo inayotawala nguvu hiyo ya kuzifunga kwaki huingia kwenye mstari mmoja wa maandishi, lakini hakuna anayejua kuitatua kwa kalamu kwenye umbali wa ukubwa wa protoni, ambako nguvu ni kali mno. Kwa hiyo hutatuliwa kwa kompyuta, kwa njia aliyoiasisi Kenneth Wilson mwaka 1974: anga na wakati hugeuzwa kuwa wavu.

Mwaka 2008 kundi la watafiti la BMW (Budapest-Marseille-Wuppertal) lilichapisha matungamo ya hadroni nyepesi, yaani chembe zilizoundwa na kwaki, yaliyokokotolewa hivyo, yakilingana na vipimo vya maabara ndani ya asilimia chache. Tangu hapo swali limekuwa jinsi ya kushusha kosa hadi chini ya asilimia moja. Jibu la haraka, kwamba tununue kompyuta kubwa zaidi, mara nyingi ndilo jibu ghali kuliko yote. Hebu tuone kwa nini.

Kinachokokotolewa

Wavu una pande nne, tatu za anga na moja ya wakati. Kwaki hukaa kwenye mafundo. Kila uzi unaounganisha mafundo mawili hubeba matriksi ya 3 kwa 3 ya namba changamano, na matriksi hizo ndizo uga wa gluoni. Umbali kutoka fundo hadi fundo, yaani ukubwa wa jicho, huandikwa a. Siku hizi a huwa kati ya femtomita 0.12 na 0.05 (femtomita ni 10⁻¹⁵ ya mita). Nusu kipenyo cha protoni ni femtomita 0.84, hivyo jicho la 0.09 huipa protoni mafundo kama kumi na nane kutoka ubavu hadi ubavu.

Chukua wavu wa 64 × 64 × 64 × 128. Una mafundo 33,554,432. Kila fundo lina nyuzi nne, kila uzi namba halisi 18, kila namba baiti 8: sampuli moja tu ya uga inakula gigabaiti 19. Matriksi ya Dirac, inayoeleza kwaki inavyosafiri ndani ya uga huo, ina safu zaidi ya milioni 400. Haiandikwi popote ikiwa nzima. Programu inajua tu namna ya kuizidisha kwa vekta, na kinyume chake hutafutwa kwa kurudia uzidishaji huo mamia au maelfu ya mara hadi baki liwe dogo vya kutosha. Hapo ndipo muda mwingi wa kompyuta unapoishia.

Wakati wa wavu huu ni wa Euklidi: mawimbi yanayopwita katika wakati wa kawaida, hapa yanafifia. Badiliko hilo ndilo linaloruhusu kila sampuli ya uga ipewe uzito kama wa bahati nasibu, kisha sampuli zizalishwe kwa mnyororo wa Monte Carlo. Njia inayotumika karibu kila mahali ni Monte Carlo mseto ya mwaka 1987. Uga hupewa kasi za nasibu, huendeshwa kwa hatua ndogo kama sayari zinavyoendeshwa kwa milinganyo ya mwendo, kisha mwishoni mwa safari hukubaliwa au kukataliwa kulingana na nishati iliyopotoka njiani.

Ukishakuwa na sampuli, unaumba protoni kwenye fundo moja, unaiua baada ya muda t, na kuchukua wastani wa sampuli zote. Matokeo huitwa korileta, na kwa t ndefu hupungua kama e⁻ᴹᵗ, ambapo M ni tungamo linalotafutwa. Logi asilia ya uwiano wa korileta kwenye t na kwenye hatua inayofuata hutoa M kwa kipimo cha wavu. Kwenye jicho la 0.09 protoni inapaswa kutoa kama 0.428. Zidisha kwa 197.3, namba inayogeuza femtomita kuwa MeV, gawanya kwa 0.09, unarudi kwenye MeV 938. Ukichora logi hizo dhidi ya t, unatarajia ziteremke kisha zitulie kwenye uwanda tambarare. Uwanda huo ndio jibu.

Uwanda unaoliwa pande zote mbili

Ugumu wa protoni uko kwenye uwanda huo. Upande wa kushoto, t ikiwa fupi, chanzo chako hakikuumba protoni peke yake. Kiliumba pia kila hali yenye sifa zilezile za kwanta: protoni iliyosisimka, protoni ikiambatana na pioni (hadroni nyepesi kuliko zote, ya kwaki moja na antikwaki moja), na kadhalika. Hali hizo zina nishati kubwa zaidi kwa hiyo hufifia haraka zaidi, ila haraka hiyo haitoshi. Hali iliyo juu ya protoni kwa MeV 500 hubakiwa na asilimia 8 ya nguvu yake ya mwanzo baada ya femtomita moja (wakati wa wavu nao hupimwa kwa femtomita). Ikiwa ilianza na nusu ya nguvu ya protoni, logi yako itasoma juu kwa karibu MeV 20, kosa la asilimia mbili. Ukisubiri hadi femtomita 1.5 kosa hushuka hadi kama MeV 6.

Basi si usubiri tu? Hapo upande wa kulia unaanza kula. Kelele ya korileta ya protoni nayo hufifia, lakini polepole kuliko ishara, kwa sababu mraba wa korileta una kwaki tatu na antikwaki tatu ambazo hupenda kujipanga kuwa pioni tatu, nazo ni nyepesi mno kuliko protoni mbili. Uwiano wa ishara kwa kelele hushuka kwa kasi ya M ya protoni kutoa mara moja na nusu ya tungamo la pioni. Kwa namba za maumbile hiyo ni MeV 730 na ushei: kila femtomita moja ya t inagawanya uwiano huo kwa 41. Kosa la kitakwimu hupungua kwa kipeuo cha pili (mzizi wa mraba) cha idadi ya sampuli, kwa hiyo kusogea femtomita moja kulia bila kupoteza usahihi kunadai sampuli mara 1,700 hivi. Hakuna kituo cha kompyuta kitakachokupa hizo.

Mtego mbaya zaidi ni uwanda wa uongo. Kelele ikishapanda, nukta za t jirani huyumba pamoja kwa sababu zinatoka kwenye sampuli zilezile, na macho huona mstari tambarare pale ambapo pana mteremko uliofunikwa. Tiba ni kulinganisha korileta kwa kuzingatia jinsi nukta zinavyohusiana, pamoja na hali moja au mbili za msisimko ndani ya fomula, kisha kusogeza t ya kuanzia na kuona kama jibu linahama. Tahadhari: jedwali la uhusiano wa nukta 20 likikadiriwa kutoka kwa sampuli 50 halina maana, na kinyume chake kitalipuka. Sampuli ziwe angalau mara kumi ya idadi ya nukta, ama upunguze nukta.

Chanzo kizuri kinashinda mashine kubwa

Rudi kwenye ile hali ya MeV 500. Chanzo kinachoweka kwaki zote tatu kwenye fundo moja ni kibaya, kwani protoni haifanani na nukta. Ukizitandaza kwaki kwa umbo la kengele lenye upana wa karibu nusu femtomita, kwa kurudia kuchanganya kila fundo na majirani zake, mchango wa hali ya juu unaweza kushuka sana. Tuseme umeshuka mara kumi. Kosa la MeV 20 kwenye femtomita moja linakuwa MeV 2. Kupata nafuu hiyohiyo kwa kusubiri tu kungedai femtomita 0.9 zaidi, yaani takwimu mara 800 na zaidi. Kutandaza chanzo hakugharimu hata asilimia moja ya kazi nzima.

Yapo ya kuangalia. Ukitandaza ukitumia nyuzi ghafi za gluoni, kelele ya nyuzi hizo huingia kwenye chanzo, kwa hiyo kwanza zilainishe nyuzi. Upana ukizidi, kelele inaongezeka na uwanda unafupika tena. Na ukitumia chanzo kilichotandazwa na kipokezi (pale protoni inapouawa) cha nukta, korileta inaweza kukaribia uwanda kutoka chini, jambo linaloficha makosa mawili yenye alama tofauti yanapofutana. Tumia umbo lilelile pande zote mbili, kwani hapo mteremko ni wa upande mmoja na unaweza kuuamini. Hatua ya juu zaidi ni kuwa na vyanzo kadhaa vya upana tofauti, kuunda jedwali la korileta kati yao, na kutatua thamani zake maalumu (eigenvalues), ili kila hali itengwe na wenzake.

Kwa takwimu zenyewe kuna hila moja nzuri kuliko zote. Kinyume cha matriksi ya Dirac hakihitaji kuwa sahihi kila mara. Fanya vyanzo vingi kwenye kila sampuli kwa baki legevu, tuseme 10⁻⁴, kisha vichache kwa baki kali la 10⁻¹⁰, na ongeza tofauti ya wastani kati ya namna hizo mbili kwenye vile vichache. Jumla haina upotofu wowote, na gharama ni sehemu ndogo. Inafeli pale baki legevu linapokuwa legevu kupita kiasi hadi tofauti yenyewe ikawa na kelele. Kwa hiyo pima uhusiano kati ya majibu hafifu na majibu sahihi kabla ya kuagiza maelfu.

Kitatuzi chenyewe kikizorota kadiri kwaki zinavyokuwa nyepesi, sababu ni thamani maalumu ndogo za matriksi. Vitatuzi vya ngazi nyingi, vinavyoshughulikia sehemu zinazobadilika polepole kwenye wavu wenye macho makubwa kisha kurudi kwenye wavu halisi, vimeondoa sehemu kubwa ya tatizo hilo kwa kwaki za aina ya Wilson.

Jicho la wavu

Sasa makosa ambayo takwimu haziyagusi. Maumbile hayana wavu. Jicho a lazima lifikishwe sifuri. Ukipunguza jicho kwa nusu, sanduku likibaki lilelile, mafundo yanakuwa mara 16, hatua za mwendo zinakuwa fupi, kitatuzi kinachelewa, na sampuli jirani kwenye mnyororo zinafanana zaidi. Kwa ujumla gharama hupanda mara 64, hata mara 128 au zaidi. Ndiyo maana inalipa kuubadilisha mlinganyo wa wavu ili kosa lifuate a² badala ya a.

Kuandika kwaki kwenye wavu kuna kero yake. Ukiweka tofauti ya majirani mahali pa hesabu ya mteremko bila kufikiri, kila kwaki inazaa nakala, jumla 16. Wilson aliziua nakala hizo kwa kuongeza neno linalozipa tungamo kubwa, lakini neno hilo linavunja ulinganifu wa kirali (kati ya kwaki za mkono wa kushoto na za mkono wa kulia) na kuleta kosa la ngazi ya a. Neno la ziada la Sheikholeslami na Wohlert la mwaka 1985 huliondoa, mradi kipimo chake kirekebishwe kwa kutumia uigaji wenyewe. Ukiacha kipimo hicho kiwe 1 tu, kosa la a linabaki limejificha, na mstari unaouchora dhidi ya a² unakuwa si sahihi tangu mwanzo. Kwaki za kupishana huacha nakala nne badala ya 16, ni za bei nafuu na kosa lake ni la a², ila kutambua hali za barioni (hadroni za kwaki tatu, kama protoni) kati ya nakala hizo ni kazi ya subira. Kwaki za ukuta, zinazotumia upande wa tano, karibu zinaurudisha ulinganifu wa kirali, na upande huo wa ziada unalipiwa kwa fundo.

Je, macho yapi yachaguliwe? Hapa hesabu ndogo inafundisha kuliko maelezo. Tuseme kila wavu unatoa tungamo lenye kosa la MeV 5, nawe unavuta mstari dhidi ya a² hadi sifuri. Kwa macho ya 0.12 na 0.09 jibu la mwisho lina kosa la MeV 13. Kwa 0.09 na 0.06 ni karibu MeV 10. Kwa 0.12 na 0.06 ni MeV 7. Wavu wa macho makubwa, ambao ni rahisi, unausaidia ule wa macho madogo kuliko wavu wa katikati unavyousaidia, kwa kuwa unarefusha mkono wa mstari. Lakini nukta mbili haziwezi kukuambia kama mstari umepinda, na kwenye 0.12 neno la a⁴ linaweza kuwa limekwishaanza kusema. Kwa hiyo ile ya 0.09 inabaki, kama shahidi zaidi kuliko kama mtaji. Takwimu zielekezwe kwenye jicho dogo, maana kosa lake huzidishwa zaidi.

Kuna ukomo upande wa chini pia. Uga wa gluoni una chaji ya topolojia, namba nzima isiyobadilika kwa mabadiliko madogo. Kadiri jicho linavyopungua, mnyororo wa Monte Carlo unashindwa kuruka kutoka chaji moja kwenda nyingine. Karibu na femtomita 0.05 inaweza kuganda kwa maelfu ya safari, na wastani wako unakuwa wa kipande kimoja tu cha sampuli zote zinazopaswa kuwepo. Lüscher na Schaefer walipendekeza mwaka 2011 kuacha wazi mipaka ya wakati ili chaji iingie na kutoka pembeni. Gharama yake ni kwamba mafundo yaliyo karibu na mipaka hayafai kupimiwa. Chora historia ya chaji kabla ya kuchora uwanda wowote. Ikiwa ni mstari wa ngazi chache ndefu, kosa la kitakwimu unalolitaja ni dogo kuliko ukweli, hata kama umekusanya sampuli jirani kwenye mafungu.

Sanduku, pioni na rula

Sanduku likiwa dogo, protoni inajigusa yenyewe kupitia pioni zinazozunguka mipaka. Athari hufifia kwa tungamo la pioni mara urefu L, na desturi ni kutaka zao hilo lizidi 4. Kwa pioni ya MeV 135 hiyo ni femtomita 5.85 hivi, sawa na mafundo 64 au 65 ya 0.09. Ndiyo asili ya wavu wa mfano wetu.

Zamani kwaki nyepesi zilikuwa ghali mno, hivyo kazi ilifanywa kwa pioni nzito. Kwa pioni ya MeV 300 protoni hutoka na takriban MeV 1,100, na kushuka hadi 938 kulitegemea fomula. Sasa pioni za tungamo halisi zinawezekana, na ningeshauri angalau wavu mmoja uwe nazo hata kama ni wa macho makubwa, kwa sababu kosa la fomula hiyo ndilo gumu kuliko yote kulikadiria kwa uaminifu.

Rula husahaulika. Kompyuta haijui femtomita; inatoa namba tupu. Ili kujua a unatoa sadaka kipimo kimoja cha maabara, mara nyingi tungamo la barioni ya omega, MeV 1,672.45, lililo na kwaki ngeni tatu na lisilojali sana kwaki nyepesi. Pioni na kaoni (kama pioni, ila yenye kwaki ngeni moja) hutumika kurekebisha kwaki zenyewe. Vyote vitatu si utabiri tena. Na kosa la asilimia moja kwenye a ni MeV 9.4 kwenye protoni, moja kwa moja, bila kujali uwanda wako ulivyo mzuri. Kukokotoa uwiano wa protoni kwa omega kwenye sampuli zilezile hufuta sehemu ya kelele hiyo, kwa kuwa hizo mbili huyumba pamoja.

Tanbihi kwa wanaotaka kuhamia hadroni nyingine: chembe ya ro, yenye MeV 775, huvunjika kuwa pioni mbili. Kwenye sanduku kubwa lenye pioni halisi hakuna uwanda wake wa kutafuta. Njia ya Lüscher hutumia nishati za pioni mbili ndani ya sanduku kupata jinsi zinavyotawanyana, na tungamo la ro husomwa kutoka hapo. Anayesoma uwanda wa ro kama wa protoni anasoma kitu kingine.

Chini ya asilimia moja

Kosa likishashuka hadi sehemu moja ya elfu, dhana ya kwamba kwaki za juu na za chini zina tungamo moja na hazina umeme haivumiliki tena. Nyutroni huizidi protoni kwa MeV 1.293, yaani asilimia 0.14. Kundi la BMW lilikokotoa tofauti hiyo mwaka 2015, likiwa na umeme ndani ya uigaji, na kupata MeV 1.51, kosa la kitakwimu 0.16 na la kimfumo 0.23.

Umeme huleta tabia mpya: fotoni haina tungamo, hivyo athari ya sanduku haifi haraka kama ya pioni, inapungua kwa 1/L tu. Kwenye sanduku la femtomita 5.8, protoni hupungukiwa kwa takriban MeV 0.38, zaidi ya robo ya tofauti yote inayotafutwa, ilhali nyutroni, isiyo na chaji, haiguswi na sehemu hiyo. Bahati ni kwamba maneno ya 1/L na 1/L² hutegemea chaji na tungamo pekee, bila kujali protoni imeundwaje ndani, kwa hiyo hutolewa kwa kalamu. Neno la kwanza linalohitaji kupimwa kwa masanduku ya ukubwa tofauti ni la 1/L³.